Kabla fundi hajapiga 'windo', picha za watoto ziko wapi?

Njombe. Swali la fundi huwa fupi. "Mama, humu kuna vitu vya muhimu?" Na jibu nalo huwa fupi, hasa kwa mzazi mwenye mtoto mgongoni na bajaji inayomsubiri nje: "Hakuna sana, ni mambo ya watoto tu." Fundi anachomeka flashi, anapiga 'windo', na jioni kompyuta inarudi nyumbani ikiwa nyepesi kama imetoka dukani.

Kilichoondoka hakionekani siku hiyo. Huonekana miezi kadhaa baadaye, babu anapofariki na ukoo unatafuta picha yake moja nzuri, au mama anapotaka kufungua hesabu za kikoba za mwaka uliopita. Hayo "mambo ya watoto" yalikuwa picha za mtoto akiwa na siku tatu, video ya kipaimara, vyeti vya kuzaliwa vilivyoskaniwa na kadi za kliniki zilizopigwa picha kabla hazijachanika.

Cheti cha kuzaliwa kikipotea, RITA wapo na utaratibu upo. Picha ya mtoto wa siku tatu haina ofisi inayotoa nakala.

Suala hili limekuwa la haraka kuliko zamani. Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi ulioingia sokoni Julai 2015 na unaoendesha kompyuta nyingi za nyumbani. Ndiyo maana mafundi, kuanzia mjini Njombe hadi Makambako, wanaletewa mashine zenye ombi lilelile: "Niwekee Windows 11."

Kompyuta yenye Windows 10 haikuzimika siku hiyo. Inawaka, inachapa barua, inacheza katuni. Kilichosimama ni chanjo. Kila mwezi kampuni ilikuwa ikituma viraka vya kuziba matundu mapya yanayogunduliwa na wahalifu, na sasa matundu hayo yanabaki wazi. Kwa kompyuta isiyoingia kabisa kwenye intaneti na isiyochomekwa flashi ya mtu mwingine, hatari ni ndogo. Lakini ni nyumba gani ambayo flashi haijawahi kwenda steshenari kuchapa kazi ya shule ikarudi na mafolda yaliyogeuka njia za mkato?

Mfano mkubwa unatoka hospitalini. Mei 12, 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi na kudai fedha ili kuyafungua. Uingereza, Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilikuta kuwa taasisi za afya zisizopungua 81 kati ya 236 za England ziliathirika, na ikakadiriwa kuwa miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa iliahirishwa. Kiraka cha kuzuia kirusi hicho kilikuwa kimetolewa na Microsoft tangu Machi mwaka huo. Kompyuta nyingi zilizopigwa zilikuwa na Windows 7 ambazo hakuna aliyeziwekea kiraka hicho. Dawa ilikuwepo, ila haikunywewa.

Si kila kompyuta inapandishwa

Kompyuta nyingi za nyumbani nchini ni zile zilizokwishatumika maofisini Ulaya, Marekani au Uarabuni. Ni mashine imara, na kwa bei yake ni ununuzi wa busara. Tatizo ni kwamba Windows 11 ina masharti: ramu ya gigabaiti 4 au zaidi, nafasi ya diski ya gigabaiti 64 au zaidi, chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0, na kichakataji cha kizazi kinachokubalika. Kwa vichakataji vya Intel, hiyo kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha 8.

Kujua kizazi hakuhitaji fundi. Mzazi afungue mipangilio ya kompyuta, sehemu ya System kisha About, asome jina la kichakataji. Kikiandikwa i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, yaani kizazi cha 6, na Windows 11 haikitambui rasmi. Kikiandikwa i5-8250U, hicho ni cha 8 na kinakubalika. Laptopu maarufu kama HP EliteBook 840 G3 na Dell Latitude E7470 ziko kwenye kundi la kwanza. Microsoft pia inayo programu ndogo ya bure, PC Health Check, inayopima kompyuta na kutoa majibu kama ya maabara: inafaa au haifai, na kwa sababu gani.

Fundi anaweza kumwambia mteja kuwa anazo njia za kuiingiza Windows 11 hata kwenye mashine isiyokubalika. Hasemi uongo, njia hizo zipo. Ila Microsoft haiahidi kuendelea kuipa mashine hiyo marekebisho, na marekebisho ndiyo yaliyomtoa mzazi nyumbani kuja kwa fundi.

Kwa mashine za namna hiyo, kuna njia mbili za maana. Ya kwanza ni mpango wa nyongeza wa Microsoft unaoendeleza viraka vya Windows 10 kwa watumiaji wa nyumbani mpaka Oktoba 13, 2026. Unalipiwa dola 30 za Marekani, au unapatikana bila malipo kwa mwenye akaunti ya Microsoft anayekubali mipangilio ya kompyuta yake itunzwe kwenye hifadhi ya kampuni hiyo mtandaoni. Kujiunga kunafanyika kwenye ukurasa uleule wa marekebisho, ndani ya mipangilio.

Ya pili ni kuachana na Windows. Linux Mint na Ubuntu ni mifumo endeshi ya bure kabisa, isiyohitaji 'kukreki', na huenda vizuri kwenye mashine za umri huo. Ubuntu ilianzishwa na Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini, na toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2004. Jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Kwa mtoto wa sekondari anayeandika, anayesoma notisi na kuangalia video za masomo, inatosha. Kwa mzazi anayetegemea programu fulani ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows pekee, afikiri mara mbili.

Kupandisha na kupiga si kitu kimoja

Hapa ndipo familia nyingi zinapopotea, kwa sababu mtaani maneno mawili yamekuwa moja.

Kupandisha toleo ni kuiachia kompyuta yenyewe ivuke kutoka Windows 10 kwenda 11. Picha, barua na programu hubaki mahali pake. Ni bure kwa mwenye Windows 10 halali, na hufanyika ndani ya mipangilio, kwenye ukurasa wa marekebisho. Gharama yake kubwa ni bando, kwani mzigo wenyewe unazidi gigabaiti 5.

Kupiga 'windo' ni kufuta na kupanda upya. Fundi anafuta sehemu ya diski iitwayo C, kisha anaweka mfumo mpya kutoka kwenye flashi yake. Na diski C ndiyo yenye kila kitu ambacho mzazi anakiona anapowasha kompyuta: mafaili yaliyolundikwa usoni, folda za Documents, Pictures, Videos na Downloads. Mtu anaona folda ya "PICHA ZA FAMILIA" katikati ya kioo, mbele ya macho yake, anaamini ipo salama kwa sababu inaonekana. Kumbe hapo ndipo mahali pa hatari kuliko pote.

Mafundi wanapenda kupiga kwa sababu ni haraka na matokeo ni safi. Hawawezi kulaumiwa kwa hilo, kwani mashine iliyojaa virusi wakati mwingine haina dawa nyingine. Mzazi tu aulize mapema, kwa adabu na bila aibu: "Fundi, unapandisha au unapiga?" Jibu likiwa ni kupiga, aulize kama mfumo unaowekwa ni halali. Programu za kukreki zinazofungua Windows bila leseni huwa zinamtaka fundi azime kwanza kinga ya virusi, na baadhi yake huja na virusi vyake. Kutoka kwenye mfumo usio na viraka na kuingia kwenye mfumo wenye kirusi tangu siku ya kwanza si kupona.

Kuna utetezi mmoja unaosikika sana: "Usijali, vitu vyako nimeviweka D." Ni kweli kwamba D haifutwi C inapofutwa. Lakini kwenye laptopu nyingi C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Diski ikiungua, vyote vimeungua. Kuhamishia D ni kusogeza godoro kutoka chumba kimoja kwenda kingine wakati paa la nyumba nzima linavuja.

Nakala ngapi, na zikae wapi

Wataalamu wa kutunza data wana kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala 3, kwenye aina 2 za vyombo, na 1 ikae nje ya nyumba. Kwa familia ya Njombe mjini, inaweza kuwa hivi: nakala ya kwanza ni ile iliyo kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje kabatini, ya tatu kwenye flashi kwa shangazi au bibi Makambako, kilomita takriban 60 kwa barabara. Mwizi akiingia Njombe, au moto, au radi, ile ya Makambako haijui lolote.

Kwamba nakala ya nje ya nyumba inaokoa, ushahidi mzuri unatoka kwa mama mmoja. Mwaka 1998, mfanyakazi wa kampuni ya katuni ya Pixar alituma amri iliyoanza kufuta mafaili ya filamu ya Toy Story 2 ikiwa bado inatengenezwa. Walipokwenda kwenye nakala rasmi za kampuni, wakakuta hazifai. Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa kiufundi, akakumbuka kuwa alikuwa na nakala nyumbani kwake. Alikuwa amejifungua karibuni, na ili apate kufanya kazi akiwa na mtoto alikuwa amewekewa kompyuta yenye filamu hiyo nyumbani. Waliifuata na gari, wakaibeba kwa uangalifu kama yai. Filamu ilitoka Novemba 1999.

Mfano wa pili ni wa Afrika, na utawafurahisha wanaolalamikia umeme. Juni 27, 2017, kirusi cha NotPetya kiliiangusha kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake yanashushwa pia bandari ya Dar es Salaam. Kampuni ililazimika kuweka upya kompyuta 45,000. Orodha kuu inayotambulisha watumiaji na mashine zake zote ilikuwa imefutika kila mahali duniani, isipokuwa ofisi ya Ghana. Huko umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, seva ikawa imezima, na kirusi hakikuifikia. Mfanyakazi wa Ghana akasafiri hadi Nigeria kukabidhi diski kwa mwenzake, ambaye naye akapanda ndege kwenda London.

Seva hiyo iliokoka kwa sababu ilikuwa haijaunganishwa. Diski ya nje inayobaki imechomekwa kwenye kompyuta mwaka mzima si nakala salama, kwani kirusi kinachofunga mafaili kitaifunga nayo, na radi inayopita kwenye waya itaipitia pia. Mkoa kama Njombe, wenye mvua za masika ndefu na ngurumo zake, hauhitaji kufundishwa hili. Kunakili kukiisha, diski inachomolewa.

Hifadhi za mtandaoni nazo zinafaa, hasa kwa vitu vidogo vyenye thamani kubwa kama vyeti na kadi za kliniki. Google inatoa gigabaiti 15 bure na OneDrive ya Microsoft inatoa 5. Ila mzazi ajue tofauti moja: hifadhi inayofanana na kompyuta kila dakika inafanana nayo hata kwenye makosa. Mtoto akifuta folda kwenye laptopu, inafutika na kule juu, na kwenye OneDrive ya mtu binafsi hubaki siku 30 tu kwenye pipa la taka kabla ya kupotea kabisa.

Kazi ya kunakili yenyewe

Ni kazi ya jioni moja, wala haihitaji programu ya kununua. Mzazi anafungua diski C, anaingia folda ya Users, kisha folda yenye jina lake. Humo ndani ndimo desktopu, Documents, Pictures na wenzake walimo. Ananakili folda yote kwenye diski ya nje. Nyumba yenye watumiaji wawili, baba na mama, ina folda mbili, na ya pili husahaulika mara nyingi.

Yapo mambo yanayokwepa macho. Hesabu za programu ya duka mara nyingi hukaa ndani ya folda ya programu yenyewe. Nywila zilizotunzwa kwenye kivinjari zinapotea kivinjari kinapofutwa, isipokuwa mtu aliingia kwa akaunti yake. Na ufunguo wa Windows au wa programu ya ofisi iliyonunuliwa uandikwe kwenye daftari.

Video ya harusi ikigoma kuingia kwenye flashi yenye nafasi tele, ikisema faili ni kubwa mno, flashi haijafa. Imepangwa kwa mtindo wa zamani wa FAT32, usiopokea faili moja linalozidi gigabaiti 4. Inapangwa upya kwa mtindo wa exFAT, na kupanga upya kunafuta kila kilichomo, kwa hiyo kilichomo kitolewe kwanza.

Muda nao uhesabiwe. Flashi ya kawaida inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde inahitaji karibu saa 3 kumaliza gigabaiti 100. Asiyejua hilo huanza saa nne usiku, anasinzia, anachomoa.

Kisha kuna flashi za uongo. Zinauzwa kwa bei ya kutupa zikiwa zimeandikwa terabaiti 2, na kompyuta nayo inasoma terabaiti 2, kwa sababu chipu yake imefundishwa kudanganya. Ndani yake nafasi halisi ni ndogo sana. Mafaili yanaonekana yameingia, majina yapo, lakini hayafunguki. Kwa hiyo nakala isiyofunguliwa isihesabiwe kuwa nakala. Mzazi achomeke flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine, ya jirani au ya kazini, afungue picha za mwanzo, za katikati na za mwisho, acheze video moja mpaka dakika ya mwisho. Alinganishe pia idadi ya mafaili na ukubwa wake kwa kubofya kitufe cha kulia na kuchagua Properties. Kati ya yote yaliyosemwa hapa, huku kufungua ndiko kunakorukwa na wengi.

Kwa anayeipeleka mashine kwa fundi, nakala ina faida nyingine. Akishahakiki kuwa ziko sawa mahali pawili, anaweza kuvitoa kwenye kompyuta vile ambavyo si vya macho ya watu: majibu ya maabara, picha za ultrasaundi, picha za watoto wakioga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023 na inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sheria ni jambo jema. Faili ambalo halikwenda bandani ni jambo jema zaidi.

Siku ya kupandisha

Laptopu iwe na chaji kamili na waya uwe umechomekwa. Betri za mashine zilizotumika mara nyingi zimechoka, zinaonyesha asilimia 60 na dakika tano baadaye giza. Kwa kompyuta ya mezani, mzazi aanze kwa kuangalia Luku. Inachekesha, lakini uniti zinazoisha katikati ya kazi ni sawa na umeme uliokatika, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS haina sekunde ya kujiokoa. Windows hujaribu kurudi ilikotoka ikikatizwa, na mara nyingi inafaulu. Si mara zote. Jumamosi asubuhi, mbingu ikiwa safi, ni wakati mzuri kuliko usiku wa kuamkia shule.

Kabla ya kubonyeza, kuna ufunguo mmoja wa kutafuta. Laptopu nyingi za ofisini, na nyingi mpya, zina diski iliyofungwa kwa kufuli liitwalo BitLocker. Siku zote halionekani. Fundi akigusa mipangilio ya ndani ili kuwasha ile chipu ya TPM, kompyuta inaweza kuamka ikidai ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo hakuna fundi wa Njombe wala wa Redmond atakayefungua picha hizo. Ufunguo hupatikana kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha mashine. Uandikwe kwenye karatasi, karatasi ikae na vyeti.

Mfumo mpya ukishakaa, familia ina siku 10 za kubadili mawazo. Ndani ya muda huo Windows hutunza mfumo wa zamani pembeni, na printa ikigoma au programu ya duka ikikataa, kuna kitufe cha kurudi kwenye mipangilio, sehemu ya Recovery. Baada ya hapo folda hiyo hujifuta ili kutoa nafasi. Kwa hiyo printa, skana na programu ya hesabu zijaribiwe wiki hiyohiyo, si mwisho wa muhula. Mpaka siku hizo zipite, diski ya kabatini isifutwe kupisha filamu, na flashi ya Makambako ibaki kwa bibi ikiwa imebandikwa kipande cha plasta chenye tarehe.